Je, maziwa yanapunguza nguvu za kiume?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unaingia katika jambo ambalo watu wanalizungumza sana, ila wanalizungumzia pembeni: kwenye foleni ya maji, kwenye kijiwe cha kahawa, chini ya mti baada ya mpira. Wanasema eti mwanaume akizidisha maziwa homoni zake zinageuka, nguvu za kiume zinakwisha, na mwisho wake anaota matiti kama mwanamke.

Maneno haya si ya mchezo, maana yanafika mpaka kwenye sahani. Kuna nyumba ambamo kikombe cha maziwa kikipatikana anapewa binti, mtoto wa kiume ananyimwa "asije akaharibika". Kuna baba anayetoa hela ya mboga kwenda kununua dawa za unga sokoni, zile za "kurudisha heshima ya nyumba". Na kuna nyumba ambamo watu wamenyamaziana tu: mume anaona aibu, mke anadhani hapendwi tena, na lawama zote wamebebeshwa ng'ombe na maziwa yake.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi sisi walimu wa kujitolea tumeona tulichambue jambo hili polepole, tujue: je, lipo? Na kama lipo, lipo kwa kiasi gani?

HOMONI NI KITU GANI?

Mwili una viungo vidogo vinavyoitwa tezi. Tezi hizi zinatengeneza vitu ambavyo vinaingia kwenye damu na kupeleka ujumbe sehemu mbalimbali. Ujumbe huo ndio homoni. Fikirieni mjumbe wa bloku anayepita nyumba hadi nyumba: hachoti maji wala habebi kuni, lakini neno lake likifika watu wanaamka na kufanya kazi.

Homoni kuu ya kiume inaitwa testosteroni. Inatengenezwa zaidi katika korodani, kwa amri inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwanaume mzima mwenye afya hutengeneza kati ya miligramu 3 na 10 kwa siku. Ndiyo inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli, hamu ya tendo la ndoa, na inasaidia kutengeneza mbegu za uzazi.

Homoni ambayo watu huiita ya kike inaitwa estrojeni. Hapa ndipo wengi hushangaa: kila mwanaume anayo estrojeni tangu alipozaliwa, na anaihitaji. Bila hiyo mifupa yake inakuwa dhaifu. Na kila mwanamke naye anayo testosteroni kidogo. Kwa hiyo neno la kuuliza si kama mwanaume ana estrojeni. Neno ni kiasi chake, na kama maziwa yanaweza kukibadilisha.

MAZIWA YANA HOMONI, NDIYO

Tusifiche. Maziwa yanatengenezwa kutoka kwenye damu ya ng'ombe, na homoni za ng'ombe zinapita humo. Ng'ombe mwenye mimba ana estrojeni nyingi kuliko asiye na mimba, na kadiri mimba inavyokua ndivyo inavyozidi. Mimba ya ng'ombe ni kama miezi 9.

Katika mashamba makubwa ya Ulaya, Marekani na Japani, ng'ombe hupandishwa tena miezi michache tu baada ya kuzaa, huku anaendelea kukamuliwa. Anakamuliwa akiwa na mimba mpaka inapobaki kama miezi miwili azae. Maziwa yake yanachanganywa na ya wenzake, kwa hiyo sehemu kubwa ya maziwa ya dukani kule inatoka kwa ng'ombe wenye mimba. Kuchemsha nako hakuziondoi homoni hizi, kwa sababu zinavumilia moto.

Mpaka hapa wenye wasiwasi wana haki. Sasa tuone nini kinatokea yakiingia tumboni mwa mwanaume.

UTAFITI ULIOZUA MANENO

Mwaka 2010 watafiti wa Japani walichapisha utafiti uliotembea dunia nzima. Walichukua wanaume 7 wakawanywesha maziwa ya ng'ombe kwa wingi, kwa mtu mzima ni kama lita moja hivi kwa mkupuo. Kisha waliwapima damu mara kadhaa ndani ya saa mbili. Wakakuta homoni mbili za kike zimepanda, na testosteroni imeshuka. Habari ilipotoka nje ya maabara ikawa "maziwa yanamgeuza mwanaume".

Lakini tuutazame vizuri, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani.

Kwanza, wanaume 7 ni wachache mno. Darasani kwetu, wanafunzi 7 wakifeli hesabu hatuwezi kusema kambi nzima haijui hesabu.

Pili, hakukuwa na kundi jingine la wanaume waliokunywa kitu kingine ili walinganishwe. Hili ni kubwa. Mwaka 2013 madaktari wa Boston, Marekani, waliwapima wanaume 74 baada ya kuwanywesha maji yenye sukari ya glukosi, bila tone la maziwa. Testosteroni yao nayo ilishuka kwa karibu robo. Kumbe mwanaume akila au akinywa kitu kitamu, testosteroni inaweza kushuka kwa muda mfupi. Maziwa nayo yana sukari yake. Pia testosteroni huwa juu asubuhi na kupungua kadiri siku inavyokwenda, ndiyo maana madaktari hupenda kuipima asubuhi kabla mtu hajala.

Tatu, saa mbili si maisha. Kushuka kwa muda mfupi siyo sawa na kubadilika moja kwa moja.

TUPIGE HESABU YA SHILINGI

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ljubljana, nchini Slovenia, walichapisha jaribio jingine. Waliwapa panya maziwa ya ng'ombe wenye mimba, na wengine maziwa ya ng'ombe wasio na mimba. Hawakuona tofauti katika homoni wala katika viungo vya uzazi. Halafu wakachukua panya wengine, wakawapa maziwa waliyoyaongezea estrojeni kwa makusudi, zaidi ya mara elfu moja ya ile iliyomo kwa asili. Hao ndio waliobadilika, na madume yao testosteroni ikashuka. Yaani madhara yanawezekana, lakini kwa kiasi ambacho hakuna ng'ombe anayekitoa.

Katika yale maziwa ya ng'ombe wenye mimba, nusu lita ilikuwa na karibu nanogramu 80 za estrojeni kuu mbili zikijumlishwa. Nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni moja. Sasa mwili wa mwanaume wenyewe, bila maziwa, unatengeneza kama nanogramu 40,000 za estrojeni kila siku. Chukueni mtu mwenye shilingi 40,000 mfukoni, mkamwongezea shilingi 80. Je, mtasema ametajirika? Na hata hizo 80 hazifiki zote kwenye damu, kwa sababu nyingi zinavunjwa na ini zikipita kutoka tumboni.

Hesabu nyingine hii hapa. Mwaka 1999 kamati ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani iliweka kikomo cha usalama: estrojeni iitwayo estradioli isizidi nanogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwanaume wa kilo 60 kikomo chake ni nanogramu 3,000. Hata tukizihesabu zile estrojeni mbili kwa pamoja, angetakiwa kunywa kama lita 19 za maziwa kwa siku ili akifikie. Hiyo ni karibu dumu zima la lita 20. Jamani, nani kati yetu ana dumu la maziwa?

Tuangalie pia watu wetu wenyewe. Wafugaji wa eneo hili, kuanzia Wahima wa Uganda, wafugaji wa Burundi, Rwanda na milima ya Kivu, hadi Wamaasai wa Tanzania na Kenya, wamekunywa maziwa vizazi na vizazi. Wanaume wao wameoa, wamezaa, wamezeeka na wajukuu magotini. Tunajua huo peke yake si utafiti wa maabara, na ng'ombe wa kienyeji hakamuliwi kama wa shamba kubwa. Lakini kama maziwa yangekuwa yanamaliza wanaume, koo hizo zingekwisha zamani sana.

KITU AMBACHO MAZIWA YANAPANDISHA KWELI

Iko homoni moja ambayo maziwa yanaipandisha, na haihusu kugeuka mwanamke. Ni homoni ya ukuaji inayotengenezwa zaidi na ini, wataalamu huiita IGF-1. Mwaka 2004 watafiti wa Denmark waliandika kuhusu wavulana wa miaka 8 waliokunywa lita moja na nusu ya maziwa kila siku kwa siku 7. Homoni hiyo ilipanda kwa asilimia 19. Wenzao waliopewa nyama haikupanda. Kwa mtoto anayekua, hiyo ni mojawapo ya sababu maziwa yanasaidia urefu.

Kwa wanaume wazee jambo ni tofauti kidogo. Tafiti kadhaa zimeona wanaume wanaotumia maziwa na jibini kwa wingi sana kwa miaka mingi wakipata saratani ya tezi dume zaidi kidogo, ingawa ushahidi bado ni mdogo. Hiyo si sababu ya mzee kuogopa kikombe kimoja au viwili. Ila mzee anayekojoa kwa shida, au anaamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, asikae nyumbani kulaumu chai ya maziwa. Aende kliniki.

SASA NGUVU ZIMEKWENDA WAPI?

Hapa ndipo penye uzito, ndugu wasomaji. Baba akiona hamu imepungua, mwili mzito, asubuhi haamki kama zamani, hajidanganyi. Kitu kimebadilika kweli. Lakini kabla ya kulaumu kikombe cha maziwa ambacho huenda amekipata mara mbili kwa mwezi, atazame mambo haya manne.

La kwanza ni njaa. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya walikubali kulishwa chakula kidogo ili wanasayansi waelewe njaa inamfanya nini mtu. Kwa wiki 24 walipewa karibu kilokalori 1,570 kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa na baridi, huzuni, hasira za haraka, wakawaza chakula usiku na mchana, na hamu ya wanawake ikawatoka kabisa. Walikuwa vijana wenye nguvu, hawakurogwa, hawakunyweshwa kitu. Mwili ukiona chakula hakitoshi unafunga kwanza duka la uzazi ili moyo na ubongo viendelee. Amri ya kutengeneza testosteroni inapungua. Waliporudishiwa chakula cha kutosha, nguvu zilirudi taratibu.

Sisi tunaoishi kwa mgawo tunaelewa habari hii bila kufundishwa. Kiwango kinachotumika kupanga mgawo wa wakimbizi ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini mara nyingi mgawo umekuwa chini ya hapo. Mwaka 2023, kwa mfano, katika kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma ulishushwa mpaka nusu. Baba anayewaachia watoto sahani yake na kulala na uji wa jioni, mwili wake unahesabu. Hiyo si aibu yake.

La pili ni usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walieleza kuhusu vijana 10 wa kiume waliolala saa 5 tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu! Mtu anayekesha akiwaza nyumbani kulikobaki, ndugu waliopotea, na majibu ya maombi ambayo hayaji, yeye je?

La tatu ni mawazo na huzuni. Mtu mwenye hofu ya muda mrefu mwili wake unatoa homoni za hatari kila siku, na hizo zinaikandamiza homoni ya kiume. Mtu aliyepita vitani anaweza kuwa mzima wa nje na mgonjwa wa ndani. Washauri wa afya ya akili wapo kwa ajili hiyo, na kuzungumza nao si kuitwa kichaa.

La nne ni pombe. Gongo, kanyanga, lotoko, iite jina unalotaka. Ikinywewa kwa wingi inaumiza ini na korodani zenyewe, na testosteroni inashuka. Wengine wanakunywa ili wapate ujasiri wa chumbani, kumbe wanazima moto kwa mafuta.

Ongeza hapo magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo kwa mwanaume dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa hiyo hiyo ya kupungukiwa nguvu. Ukinyamaza, ugonjwa unaendelea kula ndani. Mficha uchi hazai.

HATARI YA KWELI: MAZIWA MABICHI

Sasa sikilizeni vizuri, maana iko njia moja ambayo maziwa yanaweza kweli kumharibia mwanaume uzazi. Njia hiyo ni kijidudu, siyo homoni.

Kinaitwa brusela. Kinakaa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kinawafanya kutupa mimba. Mtu anakipata akinywa maziwa ambayo hayakuchemshwa, au akishika bila kinga mtoto wa mnyama aliyetupwa na kondo lake. Ugonjwa wake ni homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha. Na kwa baadhi ya wanaume korodani moja au zote mbili zinavimba na kuuma. Isipotibiwa mapema inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa.

Tatizo ni kwamba homa hii inafanana na malaria na taifodi. Mtu anameza dawa za malaria mara tatu, hapati nafuu, mwisho anasema karogwa. Kama una homa ya namna hiyo na umekuwa ukinywa maziwa mabichi au unafanya kazi na mifugo, mwambie mganga wa kliniki waziwazi ili upimwe. Tiba ipo. Huwa ni dawa za aina mbili kwa pamoja, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, na usiache katikati ukijisikia vizuri.

Hata majeshi yalisumbuliwa na ugonjwa huu. Katika kisiwa cha Malta askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyoeleweka. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikiona kijidudu chake, na jina la brusela likatokana na jina lake. Lakini watu hawakujua kinapitia wapi mpaka mwaka 1905, daktari wa Malta aitwaye Themistocles Zammit alipokikuta katika mbuzi waliokuwa wanaonekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari wakaacha kunywa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana kati yao. Mbuzi mwenye macho mazuri na manyoya yanayong'aa, kumbe amebeba ugonjwa.

Maziwa mabichi yanaweza pia kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na kuhara kukali. Kwa hiyo maziwa yanayoletwa na akina mama wa vijiji jirani kwa chupa na vidumu tuyanunue, lakini tuyatendee hivi:

1. Chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye sufuria safi.

2. Chemsha mpaka yapande yenyewe na kuchemka sawasawa, ukiyakoroga, kwa dakika chache. Uvuguvugu hautoshi.

3. Funika. Kunywa siku hiyo hiyo, kwa sababu hatuna friji.

4. Ukitaka mtindi, ambao wengine wetu huuita mashanza, chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo uyagandishe. Kuganda peke yake si uhakika wa kuua vijidudu.

5. Kuni ni tatizo, tunajua. Majirani wawili watatu wakichemsha kwa sufuria moja, kuni zinatosha.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 14, chuchu zimevimba na zinamuuma. Si maziwa hayo?

Hapana, mama. Wakati wa kubalehe homoni zinapanda kwa kuyumba, na karibu nusu ya wavulana hupata uvimbe huo kwa muda. Kwa kawaida unaondoka wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mwambie hivyo, na wakubwa wasimcheke. Uvimbe ukiwa mkubwa, wa upande mmoja na mgumu, au ukitoa maji, apelekwe kliniki.

Mbona kuna wanaume wazima waliopata matiti baada ya kuja kambini na kuanza kula?

Hata hilo linajulikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, madaktari waliwaona wanaume waliotoka katika kambi za wafungwa wakivimba matiti walipoanza kula tena. Njaa ilikuwa imezilaza korodani na kuliumiza ini, na vilipoamka homoni ziliyumba kama za kijana anayebalehe. Kwa wengi ilipita. Dawa fulani pia zinaweza kuleta hali hiyo, zikiwemo baadhi za vidonda vya tumbo na baadhi za kupunguza makali ya virusi. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia.

Na uji wa mahindi na soya? Nasikia soya ni mbaya zaidi.

Soya ina vitu vinavyofanana na estrojeni, ndiyo sababu ya maneno. Lakini mwaka 2010, na tena mwaka 2021, wataalamu walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume, wakakuta soya haikubadilisha testosteroni yao. Baba, kunywa uji.

Nikinywa maziwa tumbo linanguruma na kuhara. Je, ni sumu?

Si sumu. Watu wazima wengi, hasa tusiotoka katika koo za wafugaji, tumbo lao limeacha kuisaga sukari ya maziwa. Jaribu kidogo kidogo pamoja na chakula, au tumia mtindi, ambao sukari yake imepungua. Ukishindwa kabisa, acha. Maharage, dagaa, karanga na mayai yatakusaidia.

Na mtoto mchanga?

Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Maziwa ya unga ya watu wazima usimpe mtoto mchanga.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Nusu lita ya maziwa ina kama gramu 16 za protini na miligramu 600 za madini ya kalisi, pamoja na vitamini ambazo mahindi hayana. Katika sahani zetu hicho si kitu kidogo. Tunaposikia mtoto wa kiume amenyimwa kikombe kwa sababu ya uvumi, tunajua amenyimwa mfupa, meno na urefu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: maziwa yakipatikana, yachemsheni, kisha mgawieni mvulana na msichana sawa, mjamzito na anayenyonyesha apate zaidi. Baba naye akipata kikombe, anywe bila hofu.

Akina baba, zile dawa za unga na vidonge visivyo na karatasi ziacheni sokoni. Hakuna anayejua ndani yake mna nini, na kwa mwenye shida ya moyo au shinikizo la damu zinaweza kuwa hatari. Hela hiyo ni dagaa wa familia kwa siku mbili tatu. Kliniki haitozwi, na mganga ameshasikia mengi, hatakucheka. Ukiona aibu kwa mganga wa kike, omba wa kiume.

Akina mama, mume akiwa amepoa msiseme haraka kuwa ana mwingine, wala msimtangaze kwa majirani. Muulizeni kwa upole: umelala? Umekula? Unawaza nini? Mara nyingi jibu litaanzia hapo, na mengine mtayapeleka kliniki pamoja.

Kama unalo swali jingine, liandike kwenye kipande cha karatasi bila jina, umpe mtoto alete shuleni kwa mwalimu yeyote wa kujitolea. Tutalijibu katika toleo lijalo. Hadi hapo, tuwe na afya njema.